Fundi Taratibu na Ukuta wa Mkunga

Mara ya mwisho kuutazama ukuta wa nyuma wa nyumba yako ilikuwa lini? Usijibu upesi. Si ule wa mbele, wenye vyungu vya maua na mlango uliong'arishwa, ambapo wageni husimama kupiga picha. Wa nyuma. Ule usiopata jua, unaotazamana na tangi la maji, ambao ukipita karibu nao unapita ubavuubavu ili shati lisiuguse. Nenda ukautazame sasa hivi, ukirudi tutaendelea.

Umeona? Madoa meusi kama mtu aliyekung'uta kalamu ya wino, na chini yake utelezi wa kijani. Huo ni ukungu, nao ni kiumbe hai. Kinakula, kinakunywa, kinazaa. Na wewe unakifanyia nini? Unakipaka rangi! Kila mwaka, wageni wakikaribia, unampaka rangi nyeupe mpangaji asiyelipa, kisha unajisifu kwamba nyumba ni mpya.

Mtu aliyechoka kabisa na mchezo huo ni Fundi Taratibu. Ana miaka hamsini na minane, kifua chembamba, mikono mirefu, na kofia ya kitambaa ambayo mke wake ameapa kuichoma moto. Zamani alikuwa mpaka rangi. Miaka ishirini alipaka juu ya ukungu kwa sababu bosi alisema paka, na mwenye nyumba alisema paka, na rangi yenyewe ilikuwa tayari imefunguliwa. Siku moja akarudishwa kwenye nyumba aliyokwisha kuipaka mara tatu. Ukungu ulikuwa umetokeza katikati ya weupe wake, unamtazama kama mtu anayechungulia dirishani. Fundi aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Akaziba kopo, akaenda nyumbani saa nne asubuhi.

"Umefukuzwa?" mke wake akamuuliza.

"Nimejifukuza. Kuanzia leo mimi naosha."

Na kweli anaosha. Huu ni mwaka wa tisa. Ana ndoo tatu, ngazi moja, miwani ya plastiki, glavu zinazofika viwikoni, barakoa, na burashi laini yenye mpini mrefu ambayo hamwazimi mtu. Kila anayemharakisha humjibu neno moja tu, "Taratibu, bwana," ndiyo maana hakuna tena anayekumbuka jina alilopewa na wazazi wake.

Adui yake mkubwa, baada ya ukungu, ni shemeji yake. Huyu ni kaka wa mke wake, mtu mnene wa maneno mengi, mwenye mashine ya kurusha maji kwa nguvu. Anaisukuma mtaani kwa magurudumu mawili kama mtu anayetembeza mtoto, naye huitwa Mashine.

"Shemeji, wewe unabembeleza ukuta," Mashine hupenda kusema. "Unaukuna mgongo. Mimi nusu saa tu, kwisha habari."

"Kwisha habari na kwisha ukuta. Yule bwana uliyemlowesha kitandani amekwisha kupona mafua?"

Hapo Mashine huusukuma mtambo wake na kwenda zake. Ni kweli aliwahi kurusha maji kwenye ukuta wa mbao, maji yakaingia chini ya mbao, yakatokea upande wa pili, yakamkuta mwenye nyumba amelala chali mdomo wazi.

Sasa basi. Jumatano moja asubuhi Fundi Taratibu aliitwa nyumbani kwa Mkunga.

Mkunga amestaafu, lakini nani atamwita vingine? Kwa miaka thelathini na minne alizalisha nusu ya mtaa, na hata leo akikushika mkono kukusalimu unahisi kama anakupima. Nyumba yake ni ya mbao kuanzia kwenye msingi hadi chini ya paa, mbao zilizolaliana kama magamba ya samaki. Kila ubao ulipigwa randa na mumewe, aliyekuwa seremala. Alizipanga yeye mwenyewe, akapiga msumari mmoja baada ya mwingine, na Mkunga akipokezana naye nyundo huku amebeba mimba ya kwanza. Mume huyo amefariki miaka minne sasa. Tangu hapo ukuta wa nyuma ukaanza kubadilika. Mwaka wa kwanza ukawa wa kijivu, wa pili ukawa wa kijani, na huu wa nne ni mweusi tii.

Aliyempokea Fundi uani si Mkunga bali ile mimba ya kwanza, ambayo sasa ni mtu mzima wa ofisini, mwenye tai na haraka.

"Fundi, nisikufiche," alisema. "Mama amekuita kwa sababu hataki kunisikia mimi. Hizi mbao zimeoza. Chumba chake kiko hapa nyuma, anakohoa kila anapoamka. Ijumaa asubuhi anakuja seremala, anang'oa zote, tunaweka bati."

"Bati!" sauti ya Mkunga ikatoka dirisha la jikoni. "Nilale ndani ya debe?"

"Mama, ni kwa afya yako."

"Baba yako hakunijengea debe!"

Mtoto akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Fundi aliona macho yake yamevimba, macho ya mtu anayesikiliza kikohozi cha mama yake kupitia ukutani na hajui afanye nini.

"Nani amekwambia zimeoza?" Fundi akauliza.

"Si unaona zilivyo nyeusi?"

"Weusi si kuoza, bwana mdogo. Kilichooza hulainika. Nipe mpaka kesho jioni. Zikiwa zimeoza, mimi mwenyewe nitamshikia seremala ngazi."

"Kesho saa kumi na mbili, basi. Isizidi hapo."

Hivyo ndivyo ukuta wa marehemu ulivyopewa siku mbili za kuishi. Na tuseme ukweli, kuta ngapi hazipewi hata hizo mbili? Tuna pupa ya kung'oa! Kitu kikichafuka tunakiita kibovu, kikiitwa kibovu tunakitupa, na aliyekitengeneza kwa mikono yake hatumuulizi neno.

Fundi alianza kwa kuuliza ukuta wenyewe. Alichovya kipande cha pamba kwenye klorini, akagusa doa moja jeusi, akasubiri. Kabla dakika haijaisha doa likafifia, likawa kahawia, likapotea.

"Masizi yangebaki palepale," alimwambia Mkunga, aliyekuwa amemsimamia begani. "Huu ni ukungu mtupu."

"Kwa hiyo ana ugonjwa gani?"

"Nani?"

"Ukuta."

"Wa ngozi, Mama. Ndani sijajua bado."

Mkunga akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyeafikiana na mwenzake.

Kulikuwa na tuta la pilipili chini ya ukuta. Fundi aliyamwagia majani maji safi, akayafunika kwa plastiki, ili dawa isiyaunguze. Akachanganya klorini, sabuni na maji kwenye ndoo moja, na siki aliyoletewa na Mkunga aichanganye humo akairudisha jikoni kwa mikono yake mwenyewe. "Hii na klorini zisikutane hata kwa bahati mbaya," alisema. "Zikikutana hutoa moshi wa sumu, tutazikwa sote wawili."

Kisha akaanza kupaka dawa kutoka chini kwenda juu. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukianzia juu, dawa chafu huteremka kwenye mbao kavu na kuchora michirizi isiyotoka. Ukianzia chini, inateremka kwenye mbao zilizokwisha kulowa, haidhuru kitu. Alisubiri robo saa, akasugua kwa kufuata mkondo wa mbao, halafu akasuuza kwa maji ya taratibu, safari hii kutoka juu kwenda chini, mpira wa maji akiuelekeza chini daima ili maji yasipande kwenye mikunjo ya mbao. Ubao kwa ubao, mpaka mgongo ukamuuma na tumbo likadai chakula.

Saa kumi jioni ukuta ulikuwa wa njano. Njano kabisa, kama kiini cha yai.

Mkunga alisimama mbele yake na kanga mabegani. "Kumbe tulipaka njano," alisema polepole. "Mimi nimekuwa nikisema kijani."

Fundi akaondoka akipiga mluzi.

Alhamisi asubuhi mluzi ulimkauka mdomoni. Ukuta aliouacha haudondoki tone ulikuwa umelowa. Chini ya kila ubao palining'inia matone, na mbao za chini kabisa zilikuwa zimenywa maji hadi rangi yake imekolea. Mvua haikuwa imenyesha wiki tatu nzima. Fundi akapanda ngazi kukagua mfereji wa paa. Humo mlikuwa na majani makavu na kiota kilichohamwa. Akashuka, akapapasa bomba la jikoni. Kavu. Akaliinamia tangi. Halivuji.

Ndipo akakumbuka kwamba mtaani yupo mtu mmoja tu mwenye hamu ya kurusha maji kwenye kuta za watu.

"Mashine!" alimfokea alipomkuta barabarani. "Ulipita kwa Mkunga jana jioni?"

"Mimi?"

"Ukajaribu huo mtambo wako kwenye ukuta wangu ili leo useme kazi yangu haikauki!"

"Shemeji, naapa! Jana jioni nilikuwa kwako, dada yangu alinipa chai, muulize!"

"Chai unayokunywa kwangu kila siku si ushahidi."

Mashine aliumia kweli. Mtu mnene akiumia huonekana mkubwa zaidi. "Basi leo hatuachani," alisema. "Popote utakapokuwa, nami nitakuwepo. Tujifiche tumkamate huyo mtu, halafu unaniomba radhi mbele ya dada yangu."

Mchana kutwa Fundi alikausha, akakagua, akasugua pembe zilizobaki. Mashine alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitoa ushauri usioombwa. Saa kumi na nusu wakamuaga Mkunga kwa sauti kubwa, wakazunguka nyumba ya jirani, wakarudi kwa kunyata na kujibanza nyuma ya tangi la maji. Mmoja mwembamba, mmoja mnene. Tangi lilimtosha mmoja.

"Vuta tumbo."

"Nimelivuta tangu mwaka jana."

"Shh!"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka Mkunga, kanga ameifunga kibwebwe, mpira wa maji mkononi. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akafungua bomba.

Akaanza kuuogesha ukuta. Hakuna neno jingine. Alimwagia maji kwa mkono wa kulia, akipitisha wa kushoto nyuma ya maji kulainisha. Alipiga magoti, akauelekeza mpira juu, akapenyeza maji chini ya kila ubao, kwenye kila mkunjo, kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Na alikuwa akizungumza.

"Geuka basi tukusafishe na huku. Leo wamekuchosha, sivyo? Hiyo dawa yao inanuka, hebu tuitoe. Mwanao anataka kuniwekea bati. Bati, unasikia? Mimi nimemwambia..."

Fundi alitamani wote wawili waondoke polepole bila kuonekana. Lakini Mashine, ambaye siku nzima alikuwa amebeba tuhuma kifuani, hakujiweza.

"Si mimi!" akaruka kutoka nyuma ya tangi, mikono juu. "Umeona, shemeji? Si mimi!"

Mkunga akageuka kwa mshtuko, na mpira ukageuka naye. Mashine akapata maji ya uso, ya kifua na ya tumbo, bila kukosa.

"Wewe!" Mkunga akapaza sauti. "Unachungulia watu? Nilikutoa mimi kwa mikono hii, ukaja miguu mbele, unapiga kelele zilezile! Hujabadilika hata kidogo!"

"Mama, maji! Funga maji!"

Fundi ndiye aliyefunga bomba. Akavua kofia.

"Mama, shikamoo tena," alisema, maana hakujua pa kuanzia. "Hivi, unauosha kila jioni?"

Mkunga alipangusa mikono yake kwenye kanga. Uso ulimwiva. "Tangu alipoondoka. Upande huu vumbi linamwingia sana. Hata jana ulipomaliza, nilisema nimtoe hiyo harufu. Kuna ubaya?"

Kulikuwa na ubaya, na Fundi alijua kwamba hawezi kuupaka rangi. "Mama, ukungu hunywa maji. Bila maji hauishi. Huku jua halifiki. Hayo unayoyapitisha chini ya mbao hulala humo mpaka kesho, na kesho unamwongezea."

Mkunga aliutazama mpira uliokuwa ukidondoka miguuni pake.

"Miaka minne," alisema. "Kwa hiyo ni mimi?"

Hata Mashine, aliyekuwa akikamua shati, aliacha.

"Mama," Fundi akasema, "mtoto ukishamwogesha unamfanya nini?"

"Swali gani hilo? Unamkausha! Shingoni, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja. Hasa kwenye mikunjo. Usipomkausha vizuri anatoka..."

Akasita. Macho yakamtoka.

"Anatoka nini, Mama?"

"Upele," alisema Mkunga. Akaufunika mdomo kwa kanga. Kwanza mabega yalitikisika, wakadhani analia, kisha kicheko kikampasuka mpaka akashika tangi. "Mimi! Mimi niliyewafokea akina mama miaka thelathini na minne! Nimemlaza mume wangu bila kumkausha!"

Saa kumi na mbili kamili mwanawe akafika, tai imelegezwa. Alimkuta mama yake anafuta machozi ya kucheka, mtu mmoja aliyelowa chapachapa, na ukuta wa njano ambao hakuwa ameuona tangu utotoni. Akasimama. Mkono wake ulikwenda kwenye tai, ukaishia njiani.

"Kisu hiki," Fundi akamwambia. "Choma mwenyewe. Ncha ikizama, ubao umeoza. Ikigoma, mzima."

Kijana alichoma ubao wa kwanza kutoka juu. Ncha iligoma. Wa pili ikagoma. Alikwenda hivyo, wa saba, wa kumi, wa kumi na tano, kila mmoja mgumu kama siku ulipopigwa randa. Kufikia wa kumi na nane alikuwa anatabasamu bila kujijua. Wa kumi na tisa, ulio juu ya msingi, kisu kikazama kama kwenye mkate. Wa ishirini vilevile.

Mashine alimkonyeza Fundi, kama kusema hukusikia, hukuona. Fundi hakumtazama.

"Hizo mbili zimekwisha," alisema. "Sikudanganyi. Maji yote huishia hapo. Lakini kumi na nane ni nzima, na baba yako alizipiga randa moja moja. Ukizing'oa kesho hutazipata zake popote duniani. Na bati, bwana mdogo, nalo huota ukungu likimwagiwa maji kila jioni. Kikohozi cha mama kitaisha ukuta ukikaa mkavu, si ukuta ukiwa mpya. Basi, nimemaliza."

Kijana akafunga kisu, akakirudisha kwa heshima ya mikono miwili. "Nimekusikia, Fundi," alisema. "Seremala anakuja asubuhi." Akaingia ndani.

Njiani kurudi, Mashine alimuuliza kama lile jibu ni ndiyo au hapana. Fundi hakujua. Usiku ule alimwomba Mashine radhi mbele ya mke wake, kama walivyoahidiana, na Mashine akaipokea pamoja na kikombe cha tatu cha chai.

Asubuhi ya Ijumaa Fundi Taratibu alikwenda kuchukua ngazi yake. Alisikia mtalimbo ukifanya kazi kabla hajafika langoni, sauti ya msumari unaotoka kwenye mbao. Akajikaza. Akazunguka pembe ya nyumba.

Seremala alikuwa amepiga magoti chini kabisa, anautoa ubao wa ishirini. Wa kumi na tisa ulikuwa umelala uani. Pembeni yao palikuwa na mbao mbili mpya, ndefu, zimepigwa randa usiku uleule, bado zina maranda juu yake. Zaidi ya hizo, hakuna kilichoguswa.

Na juu ya ngazi ya Fundi alisimama mtu wa ofisini, tai ameitupia begani, mikono ya shati ameikunja, ameshika taulo kubwa la kuogea. Alikuwa anafuta umande kwenye ukuta. Mkunga alisimama chini akimwelekeza kwa kidole.

"Kwapani hapo! Umepaacha!"

"Wapi, Mama?"

"Chini ya ubao, kwenye mkunjo! Mikunjo ndiyo hushika unyevu. Ungekuwa muuguzi wangu ningekufukuza!"

"Nachelewa kazini, Mama."

"Taratibu," alisema Mkunga. "Mkaushe baba yako taratibu."